Wageni wa Kwanza wa Ziwa Moja

Nilitoka nyumbani kwangu Kombewa kwa sababu vyumba vinne vya nyumba yangu ya wageni vilikuwa vitupu. Huku kwetu watu hulala gesti wakiwa na mgonjwa hospitalini au maiti wa kuzika. Wa kuja kutembea tu, hamna. Kwa hiyo niliposikia kwamba Kenya, Uganda na Tanzania zimeunda Kamati ya Pamoja ya Kutangaza Ziwa, na kwamba kamati hiyo inatafuta mwenye nyumba ya wageni wa kuandamana nayo kukagua vivutio, nilisimama mkutanoni kabla swali halijamalizika. Mume wangu alisema niliinuka kama mtu aliyekalia siafu. Nilikuwa nimekalia mashuka mapya yasiyolaliwa, na hayo yanauma zaidi.

Kisumu, asubuhi ya kuondoka, tulikusanyika mbele ya hoteli moja karibu na maji. Kiongozi wetu alikuwa Mwenyekiti Okech, mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Alikuwa amestaafu serikalini, lakini serikali haikuwa imestaafu ndani yake. Uganda ilimtuma Madam Nakato, mwenye hoteli kule Jinja, mama mcheshi aliyesema Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Tanzania ilimleta Bwana Masanja wa Mwanza, mpole, shati limenyooka, na Kiswahili chake kilitufanya sisi Wakenya tuongee polepole mbele yake kama wanafunzi.

Basi lilikuwa tayari na dereva alikuwa tayari. Bango ndilo halikuwa tayari. Lilikuwa bango refu la plastiki lenye maneno ZIWA MOJA, MGENI MMOJA, na chini yake bendera tatu, ya Kenya ikiwa katikati. Masanja akauliza kwa adabu kwa nini katikati.

"Katikati si heshima, ndugu yangu," Mwenyekiti akasema. "Ni usawa."

"Basi kama ni usawa," Masanja akajibu, "hamtajali ikikaa pembeni."

Aliitwa fundi wa mabango. Tukanywa chai. Fundi alipofika akashauri wafuate alfabeti, na kwa alfabeti Kenya ikawa ya kwanza, Nakato akacheka mpaka akashika ukuta. Tukanywa chai nyingine. Tuliondoka jua limeshakuwa kali, bango likiwa lile lile, ila bendera zote zimebandikwa karatasi nyeupe mpaka mashauriano yakamilike.

Katito, panapochepuka barabara ya Kendu Bay, tulikuta siku ya soko. Dereva aliegesha mbele ya wauza nyanya kwa kuwa hapakuwa na pengine. Mwenyekiti akashuka na kipaza sauti, akaanza kuwaeleza akina mama wa Nyakach jinsi ambavyo mtalii mmoja ataingia ziwani kwa Entebbe, atokee Mwanza, na katikati anunue nyanya zao. Mama mmoja mwenye leso kichwani akamsikiliza kwa subira, kisha akainua mkono.

"Baba, maneno yako ni mazuri. Lakini sogeza basi kwanza, ndio uongee. Hao wateja wenye wako hapa hawanioni."

Masanja akataka kutuliza mambo. Akamsogelea, akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Nishike nini?" mama akauliza, akiangalia nyanya zake.

Basi likasogezwa, hotuba ikaishia hapo. Nilinunua nyanya kwa aibu.

Kendu Bay tulikula mchana, na hapo ndipo ushirikiano wa kikanda ulipopata jeraha lake la kwanza. Kamati ilikuwa imepanga kuchapisha orodha moja ya vyakula kwa hoteli zote za ziwa. Samaki aliletwa mezani, mkubwa, amekaangwa vizuri, nyanya juu, ugali kando. Mwenyekiti akasema tumwandike kama ngege. Masanja akasema jina linalojulikana ni sato. Nakato akasema kwao pia ni engege, kwa hiyo Kenya na Uganda ni kura mbili. Masanja akasema samaki hapigiwi kura. Wakahamia kwa mbuta, ambaye ni sangara akifika Mwanza, kisha omena, ambaye ni dagaa kwa Masanja na mukene kwa Nakato. Mwenyekiti akapendekeza kamati ndogo ya majina. Mimi nilikuwa na njaa tangu chai ya pili, kwa hiyo wakati nchi tatu zinabishana nilimla samaki upande mmoja mpaka mfupa. Mpishi alipokuja kuuliza kama tumefurahia, ni mimi peke yangu niliyekuwa na jibu.

Mbita tulifika jioni, tukalala. Asubuhi yake tulipelekwa kwenye gati la mbao ambako mashua ya injini ilikuwa inatungoja itupeleke visiwani. Nahodha, mtu wa makamo asiyependa maneno, alitugawia jaketi za kujiokoa za rangi ya chungwa. Tukazivaa. Mwenyekiti akatuangalia, akakunja uso.

"Zinafunika maandishi," akasema.

Ni kweli. Chini ya jaketi tulikuwa na fulana mpya zenye ZIWA MOJA kifuani, na mpiga picha alikuwa amekuja kwa ajili ya fulana.

"Mzee, mimi siwezi ondoka bila hizi vitu," nahodha akasema.

"Ni picha tu. Tutazivaa baada ya picha."

Tukazivua, tukapigwa picha tukicheka, tukapigwa nyingine tukionyesha kidole upande wa maji. Nahodha aliitwa upande wa pili kufunga bango kando ya mashua, maana Mwenyekiti alitaka lionekane kutoka ufukoni. Katika kupanda, kushuka na kupanga nani akae wapi, jaketi zilibaki kwenye mbao za gati, zimerundikwa vizuri. Nilizikumbuka tulipokuwa tumeshafika mbali, gati limekuwa kama kijiti. Nilisema. Mwenyekiti akanijibu kwamba ziwa limetulia kama chai kwenye kikombe. Mimi sijui kuogelea. Niliona nikinyamaza nitaonekana mwerevu, nikanyamaza.

Ziwani, tulipopita kisiwa cha kwanza, upepo wa kutoka nchi kavu ulishika. Ncha moja ya bango ikafunguka, ikapigapiga maji, ikavutwa nyuma, na kabla nahodha hajageuka plastiki nzima ilikuwa imejizungushia panga la injini. Injini ikakohoa, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Nahodha akaiinua, akakata plastiki kwa kisu, kipande kimoja kimeandikwa ZIWA, kingine MGENI. Akavuta kamba ya kuwasha. Akavuta tena. Kisha akakaa chini akapangusa jasho, na uso wake ulinieleza yaliyobaki.

Mashua isiyo na injini haisimami. Upepo ulitusukuma kuelekea magharibi, na mawimbi yakaanza kutupiga ubavuni. Kila wimbi liliacha maji kidogo ndani. Nakato alianza kuomba kwa Kiganda, mimi kwa Dholuo, na nadhani Mungu wa ziwa lile amezoea zote mbili. Masanja alivua viatu vyake safi, akaviweka pajani, akaanza kuchota maji kwa kiatu cha kushoto.

Mwenyekiti alipiga simu. Aliyepokea akamuuliza tuko upande gani wa mpaka. Mwenyekiti akasema hajui, hapa ni maji tu. Akaambiwa kama ni upande wa pili, wao hawana ruhusa. Ndipo simu zetu zote zikalia kwa pamoja, na kila mmoja akasoma ujumbe ule ule: Karibu Uganda. Nakato akapiga kwao akilia na kucheka. Naye akaulizwa mashua imesajiliwa wapi. Aliposema Kenya, akaambiwa basi awapigie Kenya. Masanja hakumpigia mtu. Alisema tu, huku akichota maji, "Mimi nikipiga, wataniuliza nimefikaje huku."

Sitaki kuifanya hofu yangu iwe ya kuchekesha. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Niliwaza mashuka yangu mapya, nikaona ujinga wa kufia kwenye kamati, kisha nikamuwaza mume wangu akiulizwa na watu, "Alienda wapi?" naye akijibu, "Alienda kuleta watalii."

Tuliona mashua yao kwanza kama doa. Ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi ya samawati iliyochakaa, na ndani yake wanaume wawili. Yule wa usukani alikuwa Bwire, Msamia wa upande wa Uganda, mwenye mvi chache na sweta lililotoboka viwiko. Mwenzake alikuwa shemeji yake, Ojambo, kijana mwenye mikono mikubwa. Walikuwa wakitafuta nyavu zao zilizobebwa na magugu maji.

"Nyinyi mnaenda wapi bila injini?" Bwire akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Tunaenda popote," Nakato akamjibu. "Wewe tuvute tu, ssebo."

Wakarusha kamba. Ojambo akaruka akaja kwetu, akachota kwa ndoo mara moja maji mengi kuliko Masanja alivyochota kwa kiatu asubuhi nzima. Kwa kuwa upande wa kwetu ndio uliokuwa na fundi wa injini ile, Bwire akageuza akaanza kutuvuta kurudi Kenya, taratibu, akipoteza mafuta yake na nyavu zake. Njiani walitugawia muhogo wa kuchemsha na samaki mkavu. Hakuna aliyeuliza samaki yule anaitwa nani.

Ufukoni, ambapo sitapataja jina, tulikuta watu wengi. Habari zilikuwa zimefika. Kulikuwa na redio ya hapo, ngoma, na askari wawili wa kituo cha ufuo. Mwenyekiti alikuwa amelala sakafuni mwa mashua tangu ziwani, lakini gati lilipoonekana aliamka, akachana nywele, akanyoosha fulana. Alishuka wa kwanza. Mwenye redio akamwekea kinasa sauti mdomoni.

"Mheshimiwa, tumesikia mlipata ajali?"

"Ajali?" Mwenyekiti akashangaa. "Hapana. Hilo lilikuwa zoezi la pamoja la uokoaji. Nchi tatu, mashua mbili. Limefaulu kabisa."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, Mungu anisamehe, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imegusa mchanga na ningempigia makofi hata punda. Nilipogeuka kumshukuru Bwire, niliona askari wamemshika mkono. Ojambo alikuwa tayari ameketishwa chini. Wamevua upande huu bila kibali, askari wakasema. Mashua imekamatwa. Nyavu chache zilizokuwa ndani zikatupwa mchangani kama ushahidi.

Nikamkimbilia Mwenyekiti. Alikuwa ameingia hotelini kuandika tamko la pamoja.

"Mwenyekiti, wamekamata watu wetu!"

"Watu wetu wako hapa wote, Mama."

"Wale waliotuvuta!"

Akashusha sauti. "Hilo ni suala la uvuvi. Sisi ni utalii. Tukiingilia, tutaharibu uhusiano mwema wa nchi jirani."

Nikatoka. Nje nilimkuta Masanja akivaa viatu vyake vilivyolowa, na Nakato amefunga leso kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Hatukuitisha mkutano. Tulienda kituoni watatu.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha mabati. Afande aliyekuwa mezani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alitaka mambo yake yakae kwa mpangilio. Bwire na Ojambo walikuwa wameketi kwenye benchi, wametoa viatu na mikanda.

"Kusudi la kuingia nchini?" Afande akamuuliza Bwire.

"Kuvuta hawa."

"Hiyo sio kusudi. Kuna biashara, matibabu, masomo, kutembelea jamaa."

"Jamaa iko," Bwire akasema. "Shangazi yangu ameolewa Port Victoria. Lakini leo sikuwa naenda kwake."

"Basi ni uvuvi haramu."

"Afande," Nakato akasema, "mwenyekiti amesema kwa redio hii ilikuwa zoezi. Mtu anafanya zoezi na wewe, halafu unamfunga?"

Afande akakuna shingo. Nadhani alikuwa amesikia redio. Nami nikaona mlango umefunguka kiasi cha kupitisha ukucha. "Afande, katika hizo kusudi zako, utalii haumo?"

"Utalii uko."

"Basi andika utalii."

Akamwangalia Bwire, sweta na viwiko. "Huyu?"

"Umewahi kuambiwa mtalii huvaa nini?"

"Mama, mtalii ako na mahali ya kulala."

"Analala kwangu Kombewa. Vyumba viko, mashuka ni mapya."

"Na mtalii ako na mtu wa kumtembeza."

Hapo Masanja, aliyekuwa amesimama kimya mlangoni, akakohoa. "Afande, mimi ni mjumbe kutoka Tanzania. Naomba kushuhudia kwamba tangu nilipokutana na ndugu hawa, wametutembeza wao kuliko kamati yetu ilivyotutembeza."

Afande akacheka. Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimshinda nguvu. Akawarudishia mikanda. Mashua, alisema, haiwezi kuondoka mpaka ofisa wa uvuvi arudi baada ya wikendi, kwa sababu watalii hawaji na nyavu, na hapo sheria ni sheria. Lakini wenyewe waende, mimi nikiwa mdhamini wao.

Kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno mimi na wageni wangu tulivuka kwa kivuko. Kamati ilirudi na basi lake kwa njia ya Homa Bay. Bwire alisimama kwenye reli muda wote akiwa hana la kushika. Aliniambia hajawahi kuwa juu ya maji bila kufanya kazi, na kwamba mikono yake inawasha.

Kombewa, mume wangu alitupokea mlangoni. Akawatazama wageni, akanitazama mimi, akasema karibuni, akaenda kuchinja kuku. Walikaa mpaka wikendi ikaisha. Siku ya kwanza walikuwa na haya. Siku ya pili Ojambo alilalamika kwamba maji ya bafu ni baridi, na Bwire akasema samaki wangu alikaangwa mno. Niliingia jikoni nikacheka peke yangu kwa furaha. Hayo ndiyo malalamiko ya mgeni wa kweli. Wa matanga hula chochote.

Mwenyekiti alikuja na mpiga picha. Alikuwa amepata habari. Aliwavisha Bwire na Ojambo fulana, akasimama katikati yao, na picha hiyo sasa imebandikwa Kisumu katika ofisi kadhaa: Wageni wa Kwanza wa Ziwa Moja. Bendera tatu ziko chini, bado zimefunikwa. Alipomaliza akamuuliza Bwire kama ana neno kwa kamati. Bwire akaomba msaada wa kurudishiwa mashua. Mwenyekiti akamwambia neno fupi zaidi lingefaa.

Mashua ilitolewa, kwa uvumilivu wa Afande zaidi ya kamati. Wakaenda zao. Nyavu hazikupatikana. Niliagana nao nikiwa na uzito moyoni, maana wao ndio waliolipia ziara yetu.

Msimu wa mahindi ulipoisha, Bwire alinipigia. Anakuja, akasema, safari hii kwa barabara, na mke wake Nekesa. Ameuza ng'ombe, amenunua nyavu mpya, na kimebaki kidogo cha kutembea. Niliwangoja tangu asubuhi, wakafika jua linaelekea kushuka, vumbi mpaka kwenye kope. Nekesa alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho yasiyo na haraka.

"Mpakani wametuweka sana," Bwire akasema. "Waliniuliza naenda kufanya nini. Nikasema utalii. Wakatuketisha kando, wakafungua mifuko yote. Mmoja akaniambia, 'Mzee, ungesema unaenda matanga, ungekuwa umepita kitambo.'"

Waliosha uso, wakanywa chai. Kisha Nekesa akaweka kikombe chini. "Mama, nataka kuona hiyo utalii yenyewe."

Nilishikwa. Kamati nzima ilizunguka pwani ya ziwa ikitafuta cha kumwonyesha mgeni, na sasa mgeni alikuwa mezani kwangu. Nikamuuliza angependa kuona nini.

"Ziwa," akasema.

"Lakini Nekesa, nyinyi mnaishi juu yake."

"Niko nayo, ndiyo. Lakini ile ya kwetu nikiiangalia, naangalia kama mashua yake inarudi. Sijawahi iangalia tu."

Tulibeba viti vya plastiki, tukachukua pikipiki mpaka ufukoni Seme. Nekesa akachagua mahali, akakaza kiti mchangani, akakaa, akakunja mikono. Mumewe akakaa upande wake wa kulia. Maji yalikuwa ya kawaida, yale yale ninayoyaona kila siku nikienda kununua samaki. Nilisimama nyuma yao kidogo kama mwenye hoteli anavyopaswa kusimama, kisha nikaenda nikaleta kiti changu.